Anayetumia zaidi alipe zaidi? Mazungumzo ya jioni, Mkunguni, Lamu

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioacha baraza zenu mkaja. Nitafupisha, magharibi haiko mbali.

Nianze na petroli. Julai 2023 VAT ya mafuta, ile kodi ya matumizi ilipwayo ndani ya bei, ilitoka asilimia 8 ikawa 16. Mvuvi anayejaza dumu la lita ishirini alipa asilimia ile ile anayolipa tajiri akijaza boti ya matembezi. Tuchukulie mvuvi apata shilingi 30,000 kwa mwezi, zote zaishia dukani. Mwenye hoteli apata milioni, atumia laki mbili. Vyote wanunuavyo vikiwa na VAT, mvuvi katozwa kodi juu ya pato lake lote, mwenzake juu ya sehemu moja kwa tano tu. Afadhali unga wa mahindi hautozwi. Mkate nao ulinusurika 2024, pendekezo la kuutoza VAT lilipoondolewa baada ya wananchi kupiga kelele.

Wako wachumi wasemao kodi ya matumizi isifutwe, ila iwekewe ngazi, atumiaye zaidi atozwe asilimia kubwa zaidi. Mmoja wao, Nicholas Kaldor, aliipigia debe Uingereza miaka ya 1950. Risiti hazihitajiki: chukua pato la mwaka, toa ulichoweka akiba, kilichobaki ndicho ulichotumia. Cha mwanzo hakitozwi, kinachofuata kidogo, na mwenye israfu akamuliwe.

Mimi naikubali nusu. Mvuvi atapumua, hilo sina shaka. Lakini India iliianza 1958, ikaifuta 1962, ikairudisha 1964, ikaifuta tena 1966. Usumbufu ulikuwa mwingi, fedha kiduchu.

Na hapa kwetu? Zile laki nane za mwenye hoteli ni akiba, hazitozwi. Azinunulia kiwanja Shela. Karani wa kodi ataandika nini, akiba au matumizi? Akiba, bila shaka. Mwakani anunua cha pili, bei yapanda, na kijana aliyezaliwa Langoni hana pa kujenga. Kodi imempunguzia tajiri karamu, viwanja havikuguswa.

Mzee hapa mbele auliza: na boti ikiandikwa jina la kampuni? Umenishika pabaya, mzee wangu. Hapo hata matembezi ya Manda na wageni wake yatakuwa gharama za biashara. Ndiyo maana naitaka kodi hii ije pamoja na kodi ya ardhi, tena ardhi iliyokaa bure itozwe zaidi.

Maikrofoni ipelekwe kwa mama pale nyuma, ameinua mkono zamani.