Mpira Uliosahaulika: Mhadhara kwa Wauguzi na Ndugu wa Wagonjwa, Moshi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie maambukizi ambayo mgonjwa hakuja nayo, ameyapata akiwa wodini. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inasema kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi kama yetu hupata angalau ambukizo moja humo humo hospitalini. Habari ya kunawa mikono mmeisikia mara nyingi. Daktari Semmelweis aliwaamuru madaktari wa Vienna wanawe kwa maji ya klorini mwaka 1847, vifo vya akina mama waliojifungua vikashuka sana, na bado wakubwa wengi walimpinga. Leo nataka tuuseme mpira wa mkojo, yaani katheta, ule mrija unaoingizwa hadi kibofuni ili mkojo utoke.

Mkojo ukitoka wenyewe huisafisha njia yake. Ukishaweka mpira, mlango unabaki wazi usiku na mchana. Bakteria hupanda nao, hujijengea utando juu yake, na dawa huupenya utando huo kwa shida. Kila siku inayopita, kati ya wagonjwa 3 na 7 katika 100 wenye mpira huanza kuwa na bakteria kwenye mkojo. Ukikaa mwezi, ni karibu wote. Hata uuweke kwa usafi wa namna gani, siku zinakushinda.

Sasa kwa nini unakaa? Uliwekwa chumba cha upasuaji Ijumaa. Jumatatu daktari anapita raundi, shuka halifunuliwi, hakuna anayeutaja. Na tuseme ukweli: unatupunguzia kazi. Muuguzi ana wodi nzima peke yake usiku, pampasi za watu wazima ni ghali, mpira unamkalisha kila mtu kwa amani isipokuwa mgonjwa. Siwalaumu, ila dawa yake ni nyepesi: kila asubuhi sababu ya mpira iandikwe kwenye faili. Mkojo umeziba? Mahututi anayepimwa mkojo kila saa? Sawa. Kama sababu haipo, muuguzi awe na ruhusa ya kuutoa bila kumsubiri daktari. Kwa mwanaume anayejikojolea tu, upo ule wa kuvalisha kwa nje kama kondomu.

Ninyi akina mama mnaoshuka Kibosho na Machame na chupa za mtori, hapa pana kazi yenu. Mgonjwa akipelekwa eksirei, nani humbebea mfuko wa mkojo? Mara nyingi huwekwa tumboni kwake, na mkojo uliokwisha kutoka unarudi kibofuni. Uning'inizwe chini ya usawa wa kibofu, lakini usiguse sakafu. Msiuchomoe mfuko kwenye mpira ili kumbadilisha nguo. Na mkiona siku zinakwenda, muulizeni sista: mpira huu bado wa nini? Sista asinune.

Mkojo ukiwa na bakteria lakini mgonjwa hana homa wala maumivu, kwa kawaida hahitaji antibiotiki, labda awe mjamzito au anakwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Kumpa ni kufuga usugu wa bakteria kwa dawa.

Na wakati wa kumwaga mkojo wa mfukoni, kila mgonjwa na jagi lake. Glavu zile zile kutoka kitanda cha kwanza hadi cha mwisho zinakulinda wewe tu, wao unawagawia bakteria.