Elimu ya Jumla katika Shahada ya Kwanza: Sharti Lenye Maana au Orodha ya Kutimiza?

SALIM: Karibuni, wasikilizaji. Leo, Bi Rehema, tunazungumzia jambo linalowakera wanafunzi wengi: mtu amedahiliwa kusomea uhasibu, kisha anaelezwa kwamba hatahitimu asipofaulu pia kozi za uandishi, falsafa na sayansi, yaani elimu ya jumla iliyo nje ya fani yake.

REHEMA: Kero hiyo inaeleweka, Bwana Salim, hasa kwa kuwa sharti hili halipo kila mahali. Huko England mwanafunzi huingia moja kwa moja katika fani yake na kwa kawaida humaliza kwa miaka 3, ilhali Marekani shahada hupangwa kwa miaka 4 na krediti, yaani alama za kupimia uzito wa kozi, zipatazo 120, ambazo katika vyuo vingi takriban thuluthi moja ni za elimu ya jumla.

SALIM: Yaani ada ya zaidi ya mwaka mmoja. Waliolibuni sharti hilo walikuwa na hoja gani?

REHEMA: Walikuwa wakijibu uhuru uliokuwa umepita kiasi. Charles Eliot, aliyeanza kukiongoza Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani mwaka 1869, aliwaachia wanafunzi wajichagulie karibu kila kozi, na wakosoaji wakalalamika kwamba wengi walikuwa wakihitimu na vipande vya maarifa visivyoungana. Mwaka 1919, vita vikuu vikiwa vimemalizika punde, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianzisha kozi moja ya lazima kuhusu ustaarabu na matatizo ya zama zile, ili wanafunzi wote wajadili maswali yaleyale pamoja. Hiyo ndiyo sura ya elimu ya jumla ninayoiheshimu.

SALIM: Lakini Chuo Kikuu cha Brown, pia cha Marekani, kiliyafuta masharti hayo mwaka 1969, na shahada zake bado zinaheshimika.

REHEMA: Ni kweli, ingawa hata huko mwanafunzi hutakiwa kuthibitisha kwamba anaweza kuandika vizuri, tena ni chuo kinachochuja sana waombaji wake. Ninachokilaumu mimi ni ule mtindo uliozoeleka zaidi, wa kuchagua kozi moja kutoka kila kundi la masomo, kama vile sayansi au falsafa. Idara hugombania kozi zao ziingizwe katika orodha, kwa sababu wingi wa wanafunzi huzipa nguvu zinapoomba bajeti na wahadhiri, na mwanafunzi naye hutafuta kozi iliyo nyepesi au isiyogongana na ratiba yake, kiasi kwamba sharti linatimizwa bila mtu yeyote kujiuliza kozi hizo zinahusianaje.

SALIM: Na anayehama chuo ndiye anayeumia zaidi, kwa maana krediti zake huweza kupokelewa kama za kozi za hiari tu, akalazimika kurudia kundi zima.

REHEMA: Ndiyo maana ni vyema kupata jibu la maandishi kutoka chuo kipya kabla ya kuhama, likionyesha kila kozi itahesabiwa wapi.

SALIM: Na mhasibu wetu aliyeanza mwaka huu?

REHEMA: Aweke mkabala masharti ya elimu ya jumla na yale ya somo lake kuu kabla ya kujisajili. Vyuo vingi huruhusu kozi moja, kwa mfano takwimu, ihesabiwe pande zote mbili. Kozi ya uandishi aichukue mapema, kwani ripoti za miaka inayofuata zitaihitaji, na falsafa aiache mpaka apate mhadhiri anayesifiwa na waliotangulia, hata kama kipindi chake ni cha alfajiri.