Kigango Kilichongewa Nani?

MWANAISHA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tunaongelea kadi za makumbusho, yaani maelezo yanayoingizwa kwenye kompyuta kuhusu kila kifaa. Kaka Kazungu, wewe una ugomvi nazo.

KAZUNGU: Tena mkubwa, Da Mwana. Chukua kigango cha Wagiriama wa pwani ya Kenya, ile nguzo ya mbao ya kumkumbuka marehemu. Mara nyingi kadi itakupa aina ya mti, urefu, mwaka wa kupokelewa na jina la aliyekitoa. Kilichongwa kwa kazi gani, na kwa ajili ya nani? Kimya.

MWANAISHA: Hebu waeleze wasiojua.

KAZUNGU: Kigango huchongewa mwanamume aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi na uwezo. Akishafariki, roho yake inapata pa kukaa. Jamaa humwagia tembo la mnazi, humweleza shida zao. Asiyekuwa wa Gohu huwekewa koma, kigingi kidogo tu. Kwa hiyo mlengwa wa kigango ni marehemu na ukoo wake. Mtazamaji hayumo kabisa.

MWANAISHA: Lakini wapo waliosema vigango vilitelekezwa, ndiyo maana wakavibeba.

KAZUNGU: Hapo sasa! Kikishasimamishwa hakihamishwi. Ukoo ukihama, chenyewe kinabaki palepale. Mfanyabiashara wa sanaa anakuta boma tupu, anasema hakina mwenyewe. Laiti kadi ingekuwa na mstari mmoja kwamba kilikusudiwa kubaki pale mpaka kioze, hoja hiyo isingesimama. Makumbusho ya Asili na Sayansi ya Denver, Marekani, yalitangaza mwaka 2014 kwamba yanarudisha vigango 30. Thelathini, dada!

MWANAISHA: Sawa, lakini huo mstari unaandikwa wapi? Si kila mfumo una nafasi yake.

KAZUNGU: Upo utaratibu wa kupanga taarifa za makumbusho uitwao CIDOC CRM, ambao pia ni kiwango cha kimataifa, ISO 21127. Una sehemu iitwayo P103, ya kilichokusudiwa, na P101, ya matumizi ya kawaida. Watu huzichanganya. Mbuzi ya nazi ilitengenezwa ili ikune nazi. Nyumbani kwetu watoto walishaigeuza kiti cha kuangalizia televisheni. Yote mawili ni kweli, ila hayakai sehemu moja. Na kama kifaa kilitumika siku fulani kwenye shughuli fulani, hilo ni tukio, linaandikwa kama tukio.

MWANAISHA: Na walengwa?

KAZUNGU: Dublin Core, utaratibu mwingine wa kuelezea vitu kwenye kompyuta, ina sehemu yao kabisa. Wakutubi nao, kwenye MARC 21, muundo wao wa kadi za vitabu, wana sehemu namba 521. Ila hiyo ilizoea vitabu: watoto, watu wazima, wanafunzi. Ukiipa kigango inababaika.

MWANAISHA: Mimi nina wasiwasi wangu. Fundi alishakufa, ukoo umetawanyika. Anayejaza ni karani ofisini. Kusudio atalitoa wapi kama si kichwani mwake?

KAZUNGU: Basi aandike amelipata kwa nani na lini. Mzee wa kaya, yaani makao ya jadi ya Wagiriama, akisema, aandikwe. Kama ni dhana ya karani, iitwe dhana.

MWANAISHA: Kama hakuna aliyesema?

KAZUNGU: Aache wazi. Tatizo ni kwamba msimamizi akiona nafasi tupu anafoka, kwa hiyo karani anaandika "pambo" yaishe. Na "pambo" likishaingia, linanakiliwa kila mahali.

MWANAISHA: Hilo nakubali. Lakini mambo ya Gohu mengine hayasemwi mbele za watu. Ukiyajaza yote, si unayaanika kwenye intaneti?

KAZUNGU: Mm. Ndiyo, kwa hiyo hata kadi yenyewe ina walengwa wake. Kuna maelezo ya kila mtu, na kuna yatakayofunguliwa na ukoo peke yao.

MWANAISHA: Na nani anashika ufunguo, makumbusho au kaya?

KAZUNGU: Kaya.

MWANAISHA: Makumbusho mengi hayatakubali.

KAZUNGU: Najua. Wenye makumbusho mkitusikiliza, tuandikieni, mje mbishane nami hapa hapa.