Manna Dey: Sauti Kinywani mwa Mwingine

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Sisi wa pwani tumekulia kwenye picha za Kihindi, na nyimbo zake tunaziimba hata tusipojua maneno yanasema nini. Sura ya steringi tunaikumbuka. Lakini yule anafumbua mdomo tu. Aliyeimba yuko studio, na jina lake wengi hatulijui. Leo nawaletea mmoja wa hao, Mbengali, mtu wa Bengal huko mashariki ya India, Manna Dey.

Alizaliwa Kolkata tarehe 1 Mei 1919, akaitwa Prabodh Chandra. Muziki alifundishwa na baba yake mdogo, Krishna Chandra Dey, mwimbaji kipofu mwenye heshima kubwa. Mwaka 1942 wakaenda pamoja Bombay, kijana akiwa msaidizi. Waandaaji wa picha ya Ram Rajya walipomwendea mzee awaimbie, alikataa: hampi mwigizaji mwingine sauti yake. Kijana alikuwa pale pale, kazi akapewa yeye. Kile alichokikataa mzee ndicho mpwa wake alichokifanya kwa miaka zaidi ya 50.

Picha ikatoka 1943, na sauti ya kijana wa miaka 20 na ushei ikasikika kinywani mwa Valmiki, mzee mtakatifu. Tangu hapo akaletewa nyimbo za wazee, fakiri na wachekeshaji. Mimi naliona jambo hilo kuwa dhuluma, kwa sababu alipopewa nafasi ya kumwimbia steringi Raj Kapoor, akiwa na mwimbaji Lata Mangeshkar katika picha ya Shree 420 ya 1955, aliimba mapenzi kama wanavyoimba wachache sana.

Sikilizeni sasa mambo mawili. Mwaka 1956, katika Basant Bahar, aliitwa kushindana na Bhimsen Joshi, bingwa wa raga, muziki wa jadi wa Kihindi. Kwa mujibu wa hadithi ya picha, steringi lazima ashinde, na Manna Dey ndiye sauti ya steringi. Mwenyewe alisimulia kwamba hofu ilimshika, akataka kukimbilia mji wa Pune mpaka kurekodi kuishe. Amshinde Bhimsen Joshi? Mkewe, Sulochana, ndiye aliyemtia moyo. Akajifungia kufanya mazoezi, akaenda, akaimba.

Mwaka 1968 ikaja Padosan, mambo yakageuka. Safari hii anamwimbia mwigizaji Mehmood, anayecheza mwalimu wa muziki anayechekesha, dhidi ya mwimbaji Kishore Kumar, Mbengali mwenzake ambaye hakusomea raga. Ndani ya picha Kishore amejificha akiimba, huku steringi, Sunil Dutt, akichezesha midomo dirishani. Na hadithi inataka Manna Dey ashindwe! Usikilizeni wimbo ule kwa makini: zile sarakasi za sauti, kushuka na kupanda, haziwezi mtu asiyepikwa na ustadhi. Alishindwa kwa ufundi ule ule alioushindia.

Kwa Kibengali alikuwa na uwanja mwingine: nyimbo zisizo za picha yoyote, zilizotoka kwa jina lake. Ule wa 1983, wa marafiki waliokuwa wakipiga soga Coffee House ya Kolkata na sasa wametawanyika, Wabengali wanaujua kwa moyo. Binafsi nauweka juu ya zote.

Serikali ya India ilimpa tuzo ya Dadasaheb Phalke ya mwaka 2007, iliyo kubwa kuliko zote katika sinema yao. Alifariki Bengaluru tarehe 24 Oktoba 2013, akiwa na miaka 94.

Fundi, tuwekee huo wa Coffee House, kisha nitapokea maswali.