Picha Uliyoifuta: Nani Anahakikisha Imeondoka?

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwenu nyote. Nawashukuru walionialika, na nyinyi mliotoka kazini mkaja moja kwa moja hapa.

Tarehe 13 Mei 2024 kampuni ya Apple ilitoa sasisho la programu ya simu zake, iOS 17.5. Watu wakasasisha kama walivyozoea. Baadhi yao walipofungua picha zao wakakuta zile walizozifuta zamani. Sizungumzii za wiki iliyopita: wapo walioziona za miaka kadhaa nyuma, na mmoja alieleza kwamba zimemrudia za mwaka 2010. Zilikaa pamoja na picha mpya, kana kwamba zimepigwa juzi. Wengine walikuta picha za faragha kabisa, za miili yao, za mapenzi yaliyokwisha kitambo.

Apple walisema ni tatizo nadra, na tarehe 20 Mei wakatoa toleo la 17.5.1 kulirekebisha. Nakubali kwamba halikuzigusa simu nyingi. Lakini unadra huo haumpunguzii kitu aliyefikwa.

Ilikuwaje? Picha yenyewe ni faili lililowekwa kwenye kumbukumbu ya simu. Pembeni yake kuna hifadhidata, tuseme daftari la ghala, inayoonyesha kila faili liko wapi na ni la lini. Unapopitisha kidole kutazama picha, simu inakusomea daftari. Ukifuta, picha inahamia kwenye albamu ya zilizofutwa karibuni, inakaa humo siku 30, kisha inakatwa daftarini na faili lake linaondolewa. Katika simu zilizoathirika hifadhidata ilikuwa imeharibika, kwa hiyo picha ilikatwa daftarini huku faili likibaki ghalani. Mwenye simu hakuwa na njia ya kulijua hilo. Ndipo likaja sasisho likiwa na kipande cha programu kilichopita kwenye mafaili, kikayakuta yale yasiyoandikwa popote, kikayaingiza upya.

Mtu ataniuliza, na simu ya mwaka 2010 iko wapi leo? Haipo. Ila tunaponunua simu mpya tunahamisha kila kitu kutoka ya zamani, au tunarejesha kutoka kwenye bekapu, na yale mafaili yaliyosahaulika yanahama nayo kimya kimya, simu hadi simu.

Sasa nataka mwone haya tumeyajuaje. Katika maelezo ya sasisho la pili Apple waliandika sentensi moja fupi kuhusu hifadhidata iliyoharibika. Undani ulitoka kwa watafiti wa usalama wa kampuni ya Ufaransa, Synacktiv. Waliyachukua matoleo yote mawili, wakayalinganisha, wakakiona kipande kilichoondolewa. Baadaye Apple waliwaeleza waandishi wa habari kwamba mafaili yale yalikuwa kwenye simu zenyewe, hayakutoka iCloud, hifadhi yao ya mtandaoni. Maelezo hayo yaliafikiana na walichokiona watafiti, nami nayaamini. Nayaamini kwa sababu alikuwapo mtu wa nje aliyefungua na kutazama.

Kwetu Pwani jambo hili lina uzito wake. Mnajua shughuli za harusi za wanawake: kina mama na mabinti wanavua mabuibui, wanajipamba, wanacheza, na mara nyingi inatangazwa kwamba picha hazipigwi. Ikitokea mtu amepiga, anaombwa afute, na akionyesha kioo kitupu yanaisha. Binti aliyefutiwa picha yake amepewa ahadi na mtu, na mtu huyo amepewa ahadi na mashine. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuthibitisha chochote. Siwaambii haya muwaogope mabinti wenzenu wenye simu. Nasema heshima ya watu imewekwa juu ya kitufe ambacho hakuna anayekikagua.

Mei ileile palizuka na dai la kutisha zaidi, kwamba mtu aliisafisha iPad yake, akaiuza, na picha zake zikamtokea mnunuzi. Aliyeliandika alilifuta, na Apple walilikanusha. Hapa naona walikuwa sahihi, na sababu yake ni ya kiufundi. Taarifa ndani ya iPhone na iPad zimefungwa kwa ufunguo. Unapochagua kufuta kila kitu, kinachoangamizwa ni ufunguo, na yanayobaki hayasomeki tena. Google nao, kuanzia Android 10 ya mwaka 2019, wanataka kila simu mpya yenye mfumo huo ifungwe namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo wewe unayepeleka simu Kariakoo kuuza, usikae unafuta picha moja moja. Ondoa akaunti zako, kisha irudishe simu ilivyotoka kiwandani. Na toa memori kadi! Hiyo kwa kawaida haina kufuli lolote, na hata ukiifomati, fundi mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kuzitoa picha zako. Kama ina mambo yako ya siri, ivunje, usiiuze.

Nimalizie na sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote zinampa mwenye taarifa haki ya kudai zifutwe. Haki hiyo imeshafika mahakamani. Mei 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru Worldcoin, waliokuwa wakipiga picha mboni za macho ya watu, wafute taarifa walizokusanya Kenya, tena chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mahakama haikuridhika na kampuni kusema yenyewe kwamba imefuta.

Usimamizi wa namna hiyo ndio nautaka kwa simu zetu. Tume zetu za ulinzi wa taarifa ziwe na wataalamu wa kufungua masasisho na kuyapima, na kampuni inayouza simu hapa ilazimike kueleza kwa maandishi, kwa Kiswahili, picha inapofutwa inakwenda wapi na inakaa huko muda gani. Vijana mnaosoma kompyuta vyuoni, kazi waliyoifanya wale watafiti wa Ufaransa mnaweza kuijifunza. Anayetaka tuanze, tuonane hapa mbele baada ya maswali.