Mti, Hatari Yake na Mwenye Mti

Ndugu zangu wakaguzi wa miti, leo sitazungumzia namna ya kugonga shina kwa nyundo wala ya kutambua uyoga unaoota penye mizizi. Hayo mnayajua. Nataka tuiangalie ripoti tunayomkabidhi mwenye mti.

Ripoti nyingi ninazosoma zinaueleza mti na kuisahau hatari. Tundu, ufa, uozo, matawi makavu, ukurasa baada ya ukurasa, halafu mwishoni: “Mti huu ni hatari, ukatwe.” Mteja anashtuka, anaita watu wa misumeno, na mti mkubwa unakwenda bila mtu kuuliza ungemwangukia nani. Jambo hili linaniuma sana.

Utaratibu wa ISA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa miti, unauliza mambo matatu: uwezekano wa mti au tawi kuvunjika, uwezekano wa kumpiga mtu au kuharibu mali, na ukubwa wa madhara. Chukueni mti ulioliwa na uozo hadi unaweza kuvunjika wakati wowote. Ukiwa kwenye uwanja ambao karibu hakuna anayepita, jedwali la ISA la kuunganisha majibu hayo linatoa hatari ndogo, hata kama kuangukiwa nao ni kifo. Mti wa hali hiyohiyo ukiwa juu ya benchi linalokaliwa kutwa, hatari inafika ngazi ya juu kabisa. Uozo ni uleule. Mteja akielezwa hivi kwa lugha ya kawaida, ataona mwenyewe kwamba pengine kinachopaswa kuondoka ni benchi.

Tajeni muda pia. Kusema “uwezekano ni mkubwa” bila kusema ni ndani ya mwaka 1 au miaka 3 hakumsaidii mtu kupanga chochote. Na semeni mlikagua vipi: mlipita mkitazama tu, mliuzunguka mti wote, au mlipima uozo kwa vifaa? Mizizi ikiwa chini ya zege, andikeni kwamba hamkuiona.

Kiasi gani cha hatari kinavumilika, hilo ni la mwenye mti kuamua. Sisi tunamwekea njia mbele yake: kupunguza matawi, kufunga kebo za kushikilia matawi, kuweka uzio, kukata, au kuuacha na kuukagua tena tarehe fulani. Kando ya kila njia tuandike hatari itakayobaki, maana mti uliosimama hauishiwi hatari, na kumwandikia mteja “sasa ni salama” ni kumdanganya.

Mkikuta ile ngazi ya juu kabisa, msisubiri ripoti ichapwe. Mpigieni simu mkiwa bado pale, watu waondolewe chini ya mti, kisha saa mliyomjulisha iingie kwenye ripoti.