Spika Kumi Bustanini, na Umeme Ananunua Nani?

MPWA: Karibuni tena. Leo tumekaa barazani kwa Mjomba, hapa Mtwara mjini, kwa hiyo mkisikia jogoo au bodaboda msitulaumu. Mjomba, shikamoo.

MJOMBA: Marahaba, mama. Jogoo ni wa jirani. Nimeshasema naye sana. Jirani, siyo jogoo.

MPWA: Jambo la leo wametuletea vijana wa hapa hapa. Wanataka kupeleka wazo halmashauri: bustani ya mji iwekewe sanaa ya sauti. Siyo jukwaa la muziki, siyo kigodoro. Ni kazi ya msanii inayokaa pale mwaka mzima, anayepita anaisikia, anayetaka kukaa anakaa. Wanauliza, kazi kama hiyo inaagizwaje?

MJOMBA: Mimi nimefunga spika miaka thelathini. Harusini, misikitini, kwenye kampeni. Uliponitajia sanaa ya sauti nikajua ni spika kumi na kijana wa kubonyeza simu.

MPWA: Na tangazo la zabuni litaandikwa hivyo hivyo kama hakuna wa kuliangalia mapema. "Kuleta na kufunga spika kumi." Atapita mwenye bei ya chini, atafunga spika kumi, watasaini, wataondoka. Sanaa yenyewe haimo kwenye karatasi.

MJOMBA: Lakini serikali hainunui upepo, mama. Siku hizi manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, na kule wanataka idadi na bei. Utaandika nini? Sauti nzuri, kilo mbili?

MPWA: Ndiyo maana nasema kazi ikatwe vipande viwili. Cha kwanza, msanii alipwe kusikiliza. Aje wakati wa kaskazi, arudi wakati wa kusi, akae bustanini alfajiri, mchana wa jua kali na usiku. Mwisho alete rekodi, mchoro na makisio ya gharama. Hivyo vinahesabika, mkaguzi atavikuta. Kipande cha pili ndiyo kujenga, na hapo ndipo spika zinaingia, kama zinahitajika.

MJOMBA: Kumlipa mtu kusikiliza! Mimi ningekuwa tajiri.

MPWA: Cheka tu. Mwaka 1977, New York, msanii Max Neuhaus aliweka sauti chini ya wavu wa chuma wa kupitishia hewa pale Times Square, katikati ya magari. Hakuweka kibao, hakuweka jina. Ni mvumo mzito, kama kengele kubwa iliyopigwa ikakataa kunyamaza. Wengi wanapita wakidhani ni mashine ya chini ya ardhi. Sasa, huwezi kutengeneza sauti ya kukaa ndani ya kelele za pale bila kuzisikiliza kwanza.

MJOMBA: Ipo mpaka leo?

MPWA: Ilizimwa mwaka 1992. Miaka kumi kimya. Ikarudishwa mwaka 2002, ikiwa na taasisi ya sanaa ya Dia nyuma yake.

MJOMBA: Enhe! Hapo sasa. Miaka kumi kimya. Hilo ndilo swali langu kwa vijana wako kabla ya kitu chochote: LUKU, umeme wa kulipia kabla, ananunua nani? Siku ya uzinduzi mgeni rasmi anakata utepe, spika zinaimba, picha zinapigwa. Mwezi wa tatu umeme unaisha na kila ofisi inasema si fungu lake. Mimi nilifunga mitambo mahali fulani, siwataji, kazi safi kabisa. Nilipopita mwaka uliofuata, spika ni viota vya ndege. Waya wa shaba ulishafika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

MPWA: Kwa hiyo sola na betri?

MJOMBA: Betri nayo inaibwa. Weka sola, sawa, lakini weka na mtu. Kijana mmoja wa pale pale bustanini, analipwa kila mwezi, jina lake limo ndani ya mkataba. Na malipo ya mwisho ya mkandarasi yasitoke mpaka mvua zipite, mwezi wa tano huko. Spika yoyote inaimba mwezi wa kumi. Chumvi ya hapa inakula hata bawaba za mlango wangu, na mimi niko mbali na maji.

MPWA: Ulisema pia spika kubwa hutaki.

MJOMBA: Spika moja kubwa ni ugomvi. Mahali pa wazi, kila ukiongeza umbali mara mbili, sauti inashuka desibeli 6. Kwa hiyo ili wa mbali asikie, wa karibu unampasua masikio. Halafu majirani wanakwenda kulalamika kwa watu wa mazingira, na wana haki. Weka ndogo nyingi, chini, kimo cha benchi. Mtu aliyekaa asikie, wa ng'ambo ya barabara asijue kuna kitu. Na adhana ikianza, zinyamaze zenyewe.

MPWA: Umeona? Umeshaanza kuwa msanii.

MJOMBA: Mimi fundi.

MPWA: Haya, fundi, nikupe wazo langu. Mwaka 2005, mji wa Zadar kule Kroatia, msanifu majengo Nikola Bašić alitengeneza ngazi za kushukia baharini, na ndani yake kuna mabomba 35. Wimbi linasukuma hewa, bomba linalia. Hakuna umeme, hakuna LUKU.

MJOMBA: Tuweke ufukweni Shangani!

MPWA: Nilidhani hivyo hivyo, mpaka nikakumbuka maji yetu. Bahari ya kule inapanda na kushuka kidogo tu. Hapa siku za bamvu, yaani maji makubwa, kujaa na kupwa vinapishana zaidi ya mita 3. Yakijaa, mabomba yamezama. Yakitoka, mabomba yako juu ya mwamba, makavu, watoto wanatafutia kaa.

MJOMBA: Panga mabomba kwa ngazi, ya juu, ya kati, ya chini. Yatapokezana.

MPWA: Inawezekana, lakini bustani yenyewe iko mjini, bahari haisikiki. Ndipo nikawaza: saa ya maji tuilete mjini. Kiboksi kidogo chenye jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka mzima, hakihitaji hata intaneti. Maji yakijaa kule Msangamkuu, sauti bustanini inapanda taratibu. Yakipwa, inashuka mpaka karibu kimya. Kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku inachelewa karibu dakika 50. Aliyeikuta imejaa saa kumi leo, kesho saa hiyo hiyo bado inapanda.

MJOMBA: Na muuza samaki ananyoosha miguu chini ya mwembe, anasikia tu, anajua dau lake limeelea au limekaa mchangani. Hiyo nimeipenda. Sasa sauti yenyewe ni ya nini? Usiniambie mawimbi. Mawimbi tunayo bure.

MPWA: Kubangua korosho. Akina mama kumi wanagonga, kila mmoja na mkono wake. Kwa mbali ni kama mvua inayoanza kwenye bati.

MJOMBA: Walipwe.

MPWA: Walipwe, waandikishwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na mkataba useme rekodi inatumika bustanini tu, siyo kwenye tangazo la mtu.

MJOMBA: Vijana wako najua watataka ngoma za jando na unyago.

MPWA: Wameandika hivyo. Ukurasa wa pili.

MJOMBA: Waufute. Sindimba sawa, inachezwa hadharani, hata watalii wanaiona, ingawa na yenyewe uwaulize wenyewe kwanza. Ila nyimbo za ndani ni za ndani. Mimi nilizijua nikiwa kule jandoni, na hata wewe mpwa wangu sijawahi kukuimbia. Halafu zitoke kwenye spika saa tisa mchana, mtoto anakula ubuyu anazisikiliza? Wazee watazing'oa kwa mikono yao, na mimi nitashika ngazi.

MPWA: Na hata sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ina sehemu yake inayolinda sanaa za jadi. Siyo kwamba kisicho na jina la mtunzi ni cha kuokota.

MJOMBA: Sheria sijaisoma. Namjua bibi yako.

MPWA: Bibi nitamuuliza mwenyewe. Kwa hiyo, vijana: futeni ukurasa wa pili, ongezeni mstari wa mlinzi na wa LUKU, na "spika kumi" zitoke kwenye kichwa cha barua. Mkitaka tuipitie kabla hamjaipeleka, ileteni hapa barazani. Mjomba, mbona unasimama?

MJOMBA: Wewe unasema habari za maji. Saa hizi yanajaa, madau yanaingia, na mimi sijanunua kitoweo.